Mkaguzi Aliyemjua Nyanya Yangu

Mkaguzi alijuaje kwamba Mkulima wa Tatu ni nyanya yangu?

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina shahada mbili na sina kazi. Chuo kimoja hapa Nyeri kilitaka mhadhiri mmoja tu, mwenye makala iliyochapishwa katika jarida la kitaaluma. Nikaandika kuhusu wanawake wa kijiji cha Gakindu wanaouza mbuni, ile kahawa inayokaushwa na maganda yake.

Jarida hufuta jina la mwandishi kabla ya kumpa mkaguzi makala, na mwandishi naye haambiwi mkaguzi ni nani. Haki tupu! Wakulima wangu nao niliwaficha kwa namba.

Miezi ikapita... Kisha jibu: imekataliwa. "Mkulima wa Tatu ni nyanyake mwandishi," mkaguzi aliandika. "Ushahidi wa jamaa hautoshi."

Nilisoma nikiwa jikoni. Chai ikafurika, ikazima moto.

Waliojua ni wawili: msimamizi wangu wa utafiti, aliyewahi kunywa uji kwa nyanya, na Muthoni, rafiki niliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Muthoni sasa alifundisha chuo cha Kutus, na makala zake zilikuwa zimeshachapishwa.

Muthoni alinikumbatia. "Ati bado unajiuliza? Si ni huyo msimamizi wako! Wewe unayeshuku hata chumvi, leo umekuwa kondoo?"

Nikaenda kumwita msimamizi msaliti mbele ya wanafunzi wake! Alinisikiliza, kisha akasema, "Binti yangu, umemaliza?" Hakunipendekeza popote tena.

Kazi ikapata mtu. Nani? Muthoni! Alisema aliomba kujaribu bahati tu... Nami nikampikia mukimo wa kumpongeza!

Kila Jumapili nyanya aliuliza kama kitabu chenye mbuni yake kimetoka.

Wasomaji wenzangu, nilihoji mahubiri, dawa, siasa... lakini sikumhoji aliyenifuta machozi. Nawasihi, msipite njia hii. Kabla ya kumtukana mtu, mwulizeni mhariri wa jarida.

Mimi nilimwuliza nikiwa nimechelewa mno. Jina hakulitaja, alisema tu mkaguzi alikuwa mwalimu wa Kutus. Akaongeza kwamba kila mkaguzi huulizwa kwanza kama anamtambua mwandishi, ili ajiondoe.

Mwalimu wa Kutus alijibu: "Simfahamu hata kidogo."