Kamba ya Mkunga

Jirani yetu muuza mkaa anadai kwamba Kisigino aliirukia kamba ya kikundi mbele ya watu, akaikatakata, kisha akamwita mama yake mwizi wa ardhi. Anamsimulia hivyo kila anayekuja kununua mkaa, na kila siku vipande vya kamba vinaongezeka. Mimi nilikuwepo. Kamba haikukatika hata uzi mmoja, na neno mwizi halikutoka kinywani mwa mtu.

Kisigino ni mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na mmoja. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kupima kila kitu kwa miguu, kisigino kikigusa vidole: uani, jikoni, hata ukumbi wa zahanati aliupima siku mama yake alipokuwa anasubiri dawa. Jioni akitoka shule hubeba ndoo yake ndogo, tukaenda kumwagilia bustani nyuma ya ukuta wa bohari. Huko akina mama wa mtaa wetu wamegawiwa vishamba vya mboga.

Aliyevigawa ni Mkunga, mwenyekiti wa kikundi. Nusu ya mtaa tulizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo akisema, watu hunyamaza. Zamani ugomvi ulikuwa hauishi: wewe umepata kikubwa, mimi nimepata kidogo. Mkunga akaleta kamba ya bluu ya meta ishirini na nane, akaifunga ncha kwa ncha, akaizungusha kwenye kishamba cha kila mtu.

"Kamba ni moja," alisema. "Sitaki kelele."

Na kelele ziliisha kweli.

Kishamba cha dada kilikuwa kipana, meta nane kwa sita. Kando yake, kikiwa kimebanwa na ukuta, kulikuwa na cha Bi Sindano, fundi cherehani mzee mwenye goti bovu. Chake kilikuwa chembamba kama ukanda, meta kumi na mbili kwa mbili. Kamba iliwaenea wote wawili sawasawa. Lakini kila msimu dada alivuna kabichi mara mbili ya Bi Sindano. Watu walimsifu dada, wakamteta Bi Sindano, na wengine hawakungoja ageuze mgongo.

"Bi Sindano, ardhi inataka jembe, haitaki uzi!" mama mmoja alimtania.

"Jembe ninalo, mwanangu. Labda kabichi zangu zinaona haya kutoka." Alicheka, lakini hakuinua uso.

Kanuni ya kikundi ilikuwa kwamba anayevuna nusu ya jirani yake misimu mitatu mfululizo, anampisha mwingine. Huu ulikuwa wa tatu. Mkutano ulipangwa Jumamosi.

Jumatano, kabichi zikiwa zimeshavunwa, Kisigino alikuja na ndoo mkononi na kipande cha boksi la friji kichwani. Alikuwa amelikata mraba, meta moja kila upande.

"Mwalimu ametufundisha mzingo na eneo," aliniambia. "Mzingo ni safari ya kuzunguka ukingoni. Eneo ni nafasi iliyo ndani."

Alililaza boksi kwenye kona ya Bi Sindano, akachomeka kijiti, akalisogeza, akachomeka kingine. Mpaka mwisho vilikuwa vijiti ishirini na vinne. Akahamia kwa mama yake: safu sita, kila safu vijiti vinane. Arobaini na nane. Akahesabu tena. Mara ya tatu alianzia upande wa pili, kana kwamba namba zingemwonea huruma.

"Mama mdogo, Bi Sindano si mvivu. Nafasi yake ni nusu ya yetu."

"Una hakika?"

"Boksi moja linachukua kabichi nne, kwetu na kwake. Nikisema, mama atapunguziwa?"

"Atapunguziwa."

"Nisiposema?"

Alikuwa anajua.

Usidhani alimvizia mama yake. Alhamisi alimweleza, dada akiwa anaanua nguo. "Kamba ni moja," dada alijibu huku nguo zikimjaa mikononi. "Usiniletee hesabu za maboksi." Ijumaa Kisigino hakupima kitu chochote. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Jumamosi Mkunga alipomtaka Bi Sindano akabidhi kishamba, mkono mmoja uliinuka nyuma, kama darasani.

"Bibi, naomba kamba."

Watu waliguna. Mkunga akampa. Kisigino aliwaomba akina mama wanne wawe pembe, wakaivuta kamba ikawa umbo pana. Akawaambia wengine waingie ndani, wakaenea. Kisha akazisogeza pembe, umbo likawa refu na jembamba.

"We mtoto, unatubana!" walipiga kelele wakicheka. Wawili wakasukumwa nje.

Akazisogeza tena, mpaka pande mbili ndefu zikakaribia kugusana. Ndani hakubaki mtu.

"Kamba imekatwa?" aliuliza.

"Haijakatwa."

"Imepungua?"

"Ni ile ile."

"Basi ndivyo alivyo Bi Sindano. Mzingo wake ni sawa na wetu, ila eneo lake ni nusu." Akamgeukia mama yake. "Nimepima kwa boksi. Samahani, mama."

Kicheko kilikatika. Dada alikuwa mmoja wa waliosukumwa nje ya kamba, na alikuwa bado amesimama pale pale. Nilimwona akimtazama Bi Sindano, halafu jembe lake. Akaliokota.

"Misimu mitatu nimesifiwa kwa bidii," alisema, "kumbe nilikuwa nasifiwa kwa nafasi. Nikate wapi, mwanangu?"

Kisigino alikuwa ameshapiga hesabu. Kwenye upande wa meta sita, unaopakana na Bi Sindano, akapima meta mbili kwenda ndani. "Hapa, mama. Ni maboksi kumi na mawili. Utabaki na thelathini na sita, naye atakuwa na thelathini na sita."

Dada akachimba mpaka mpya mwenyewe. Bi Sindano alitaka kusaidia, goti likakataa, akaishia kumpangusa dada jasho kwa kanga yake.

Mkunga alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kamba haikutudanganya," alisema. "Tuliiuliza ukingo, ikatujibu ukingo. Mambo ya ndani hatukuuliza, tukamtukana mtu bure. Wanangu, kabla ya kumwita mwenzako mvivu, pima alichopewa. Na ukishajua ukweli, useme hata kama unapunguza sahani yako, kama alivyofanya huyu."

Akafungua fundo la kamba, akaikunja, akamwekea Kisigino mikononi. "Bado vishamba kumi na tisa, mjukuu wangu. Nitengenezee nyingine, itakayopima mpaka katikati."

Kisigino aliitazama ncha moja, akaitazama ya pili. Kisha akachuchumaa, akaanza kuitandaza chini polepole, safu kwa safu, kama alivyopanga vijiti.