Mahali Pazuri pa Baba Teddy

Frednand wa kijiji cha Ntobeye alikuwa bingwa wa kuficha. Kadi za kliniki alizibana ndani ya kitabu cha nyimbo. Hati ya shamba aliichomeka darini. Ukimuuliza karatasi iko wapi, alijibu, "Iko mahali pazuri." Mkewe, Ildefonsa, alishazoea kucheka tu.

Jumanne ile hakucheka mtu. Binti yao Teddy alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi. Barua ilisema afike Ijumaa na cheti chake halisi cha kuzaliwa. Asiye nacho hapokelewi.

"Baba, cheti changu kiko wapi?"

"Kiko mahali pazuri."

"Wapi?"

Frednand alitazama dari, akatazama kitabu cha nyimbo. Hakukumbuka.

Walipekua nyumba nzima. Wakapata risiti ya baiskeli iliyoibwa zamani, na barua ya shemeji ambayo haijawahi kufunguliwa. Cheti hakuna. Teddy alikaa kwenye mkeka, akaanza kutoa nguo zake begini, moja moja. Frednand aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Ulikuwa unakificha nani asikione?" Ildefonsa alimuuliza taratibu.

"Mwizi. Nilitafuta mahali pasipoguswa." Ghafla akashika kichwa. "Chungu cha mbegu za maharage. Chini kabisa. Nani anagusa mbegu kabla ya mvua?"

"Mvua imenyesha, Baba Teddy. Chungu kizima nilimpa Nimpaye jana akapande."

Walitoka mbio wote watatu. Nimpaye, jirani yao, ni mhudumu wa afya wa kitongoji. Walimkuta uani akinoa jembe.

"Shikamoo, mama," alisema Teddy.

"Marahaba. Mbona mnahema hivyo?"

Kabla Teddy hajamaliza kueleza, Nimpaye aliingia ndani na kutoka na cheti mkononi. "Nimekikuta leo asubuhi nikimwaga mbegu. Nilitaka nikilete jioni."

Cheti kilijaa majivu ya kuhifadhia mbegu. Pembe moja ilikuwa imeliwa na wadudu, lakini jina na namba vilisomeka. Teddy alikipokea kwa mikono miwili, akacheka huku akifuta machozi.

"Umekipataje haraka hivyo?" Frednand aliuliza.

Nimpaye alimwonyesha sanduku la bati. Ndani mlikuwa na mifuko ya plastiki, kila mtu wa nyumba ile na wake, jina limeandikwa nje. Hiki cha Teddy alikuwa amekipa mfuko wake pia. Kwenye kifuniko, kwa ndani, alibandika karatasi.

"Karatasi ikitoka naandika hapa: ni ipi, nani kaichukua, lini. Ikirudi napiga mstari. Vyeti vyote nimevipiga picha kwa simu. Picha si cheti, lakini cheti kikipotea, namba ninayo."

"Na mwizi je?"

"Baba Teddy, miaka yote hii mwizi hajaja kutafuta karatasi zako. Anayezitafuta ni wewe. Ziweke mahali ambapo wewe mwenyewe utakwenda kwanza. Na Mama Teddy apajue."

Ildefonsa alicheka kwa furaha. Maneno hayo alikuwa ameyasubiri tangu aolewe.

Kesho yake Frednand alimwaga misumari kutoka kwenye sanduku lake kuukuu. Alipanda darini, akatikisa kitabu cha nyimbo, akainua godoro. Ildefonsa alipanga, Teddy akaandika majina. Alhamisi binti alipanda basi na cheti chake.

Mwezi ulipita. Simu ikaita.

"Baba, chuo kinataka tarehe za chanjo zangu. Mama yupo?"

"Yuko shambani. Subiri."

Frednand alifungua sanduku, akatoa mfuko ulioandikwa Teddy, akasoma tarehe zote kwenye kadi ya kliniki.

"Baba, umeipata mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Teddy alicheka mpaka simu ikakwaruza, na Frednand akacheka naye. Kisha alirudisha kadi kwenye mfuko wa Teddy, akafunga sanduku, na kutundika ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, ambapo hata mgeni anauona.