Nyumba Nyekundu ya Portamora

Iolanda alikuwa anafunga mkoba wake aende nyumbani, mgeni wa mwisho alipomjia pale gatini. Jua lilikuwa limeshazama. Watalii walikuwa wameondoka na treni ya jioni, na yeye, aliyeshinda kutwa akiwaonyesha kanisa la wavuvi na madirisha ya kuchorwa ukutani, alitaka tu kuvua viatu.

"Mama, unatembeza wageni?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Nimeshafunga kazi, bwana. Leo usiku wa wafu, hata mikahawa imefungwa."

"Kitu kimoja tu. Nyumba nyekundu. Ile ya juu ya ngazi."

Kola ya koti lake ilikuwa imesimama, kofia imeshuka mpaka machoni. Iolanda hakumkazia macho. Mwanamke anayerudi kwenye nyumba tupu hana haraka kama anavyojidai, na njia yenyewe ilikuwa ya kwake. "Haya, twende," akasema, akatangulia.

Akaanza maneno yake ya kila siku. Kwamba nyumba za Portamora hupakwa rangi kali, kila moja na yake, ili mvuvi aliye mbali aitambue ya kwake kabla hajafika bandarini. Kuna jambo moja ambalo watalii hawaambiwi. Nyumba ambayo mtu wake amezama na maiti haijapatikana haibadilishwi rangi. Ikichakaa hupakwa ile ile, mpaka siku mwenyewe azikwe.

Prospero, mume wake, alizama kitambo. Bahari haikurudisha hata kiatu. Na mwaka huu, baridi ilipokwisha, Iolanda aliipaka nyumba yao nyekundu rangi ya njano. Aliwaambia watu kwamba njano inapendeza kwenye picha, kwamba atapangisha vyumba. Uongo mtupu. Alichoka kungoja, basi. Alichoka kuandaa sahani ya pili kila usiku wa wafu, ambapo wafu hurudi kula makwao, na kuimwaga asubuhi.

Siku mafundi walipokwangua ukuta, Ersilia alitoka na aproni yake kuokota maganda ya rangi nyekundu. Ersilia ni jirani wa ukuta mmoja. Hakuolewa, na ujanani alicheza dansi na Prospero kabla Iolanda hajamchukua.

"Takataka hizo za nini, shoga?" Iolanda alimtania. "Unataka kupika supu?"

"Wewe umetupa, mimi nimeokota. Kinakuuma nini?"

Ersilia aliyasaga maganda yale, akayakoroga kwenye ndoo ya rangi, akapaka nyumba yake. Nyekundu. Iolanda alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Sasa walikuwa wakipanda ngazi. Nyuma yake viatu vya mgeni vililia.

Chwa... chwa... chwa...

Viatu vilivyojaa maji. Na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Halafu ikaja harufu, ya lami na mwani uliooza, nzito, kana kwamba mtu amefungua sehemu ya chini ya mashua ya zamani.

"Angalia hapo, bwana, kuna jiwe linalo..."

Mgeni alikuwa ameshalivuka. Gizani, bila kuambiwa.

Kisha akakohoa. Mara mbili, kikohozi kikavu, na kifirimbi chembamba mwishoni.

Iolanda alikijua kikohozi hicho. Alilala nacho kitandani miaka yote ya ndoa yake.

Hakugeuka.

Miguu ikampeleka yenyewe mpaka mlangoni pake. Ufunguo ulikuwa mkononi. Nyuma yake maji yalidondoka juu ya mawe, tone... tone...

"Siyo hii," sauti ikanong'ona. "Yangu nyekundu. Nimezunguka sana... Nasikia baridi, Iola."

Iola. Hakuna mtu aliye hai anayemwita hivyo.

Ilitosha aseme neno moja. Ni hii. Ingia. Mara nyingi usiku alikuwa ameomba apate hata dakika moja ya kulisema, akiwa ameshika mto kifuani. Sasa alifungua mdomo, na maji baridi yakamfikia kisiginoni, na woga ukamshinda. Ukamshinda kabisa.

Akanyoosha kidole. Kwenye mlango wa pili.

"Ile pale," akasema.

Chwa... chwa...

Hakubisha hodi. Mlango wa Ersilia ulifunguka wenyewe, mwanga ukamwagika nje pamoja na harufu ya maharagwe na samaki mkavu, chakula cha wafu. Iolanda akaona meza. Sahani mbili.

"Umechelewa," Ersilia alinong'ona, kwa upole ambao Iolanda hakuwahi kuusikia kwake.

Mlango ukafungwa.

Wafu huondoka alfajiri. Ndivyo kila mtu Portamora alivyofundishwa na nyanya yake. Asubuhi Iolanda akamkuta Ersilia dukani kwa mwoka mikate, amejifunga kitambaa kipya kichwani, anachukua mkate mkubwa, yeye ambaye siku zote alichukua nusu.

"Nimesikia mtu akikohoa kwako," Iolanda alisema polepole.

"Mimi huyo, shoga. Baridi hii!" Ersilia akacheka, akaenda zake. Kwenye kamba yake ya nguo lilining'inia koti la kiume, linadondosha maji. Wiki nzima lilining'inia pale juani, na wiki nzima halikukauka.

Iolanda akachukua kisu cha jikoni, akaanza kukwangua ukuta wake. Watalii wakampiga picha wakidhani ni ukarabati. Alikwangua mpaka vidole vikatoka damu. Chini ya njano alitafuta nyekundu, hata alama, hata doa la ukubwa wa kucha. Mafundi walikuwa wamefanya kazi nzuri. Palikuwa na jiwe tupu.

Jioni huandaa sahani ya pili, huacha mlango wazi, huketi. Upande wa pili wa ukuta kiti kinavutwa, kijiko kinagonga sahani. Ersilia anacheka chinichini.

Halafu kikohozi. Mara mbili, na kifirimbi mwishoni.