Mafunzo ya Kicheko

Nyumba ilikuwa nzuri kuliko picha zake: kuta nene za mawe, mtini uani, bahari ikimetameta chini ya mteremko. Lakini Nurcan alipofungua chumba cha ndani, harufu ya sufi iliyolowa ilimpiga puani, na ukuta, katika joto lile la Agosti, ulikuwa wa baridi kama tumbo la samaki.

"Nyumba za mawe ndivyo zilivyo," alisema Bi Döndü, mwenye nyumba, bila kuvuka kizingiti. "Fungua madirisha, binti yangu. Ila humo msilale."

Lakini Saniye, mama yake Nurcan, ndiye aliyekitaka chumba hicho. "Nimechoka kuungua. Niacheni nipoe."

Nurcan hakubishana. Tangu kaka yake Ferit afe kwa ajali ya pikipiki huko Izmir, mama alikuwa hali, halali; ndiyo maana walikodi nyumba hii ya Datça, kando ya bahari, angalau apumue.

Na kweli alipumua. Akaanza kula jibini na zeituni. Akatia hina. Kila baada ya chakula cha mchana alijifungia, akisema analala. Nurcan alishukuru Mungu, mpaka siku alipopita mlangoni akamsikia akiongea.

"Ulikuwa unakoroma kidogo kwanza, ndipo unacheka. Hivi."

Kisha mle ndani, alimokuwa mama peke yake, kitu kikakoroma, kikacheka vibaya kama mbuzi anayekabwa, kikajaribu tena, na tena, kikijirekebisha polepole kama mtoto anayefundishwa kusoma, mpaka kikatoka kicheko cha Ferit chenyewe, kile ambacho Nurcan alidhani kimefukiwa pamoja naye.

"Hapo sawa, mwanangu," mama akanong'ona. "Sasa nikwambie ulivyopenda chai yako?"

Nurcan akausukuma mlango. Mama alikuwa kitandani, na kando yake godoro lilikuwa limebonyea.

"Mama, huyo si Ferit! Ferit angefundishwa kucheka?"

"Shhh! Amesahau tu. Kifo kinasahaulisha."

Alasiri ile Bi Döndü alimleta Shehe Rüştü. Mzee alisoma, akanyunyiza maji, akasoma tena, na kadiri alivyosoma kuta zilitoka jasho, na ile harufu ya sufi ikazidi kuwa nzito hadi Bi Döndü akakimbilia uani kutapika, na kitu kikakwaruza mawe kutoka kona hadi kona kikitafuta pa kushika, hadi kikatulia nyuma ya mlango.

"Nimemfikisha mlangoni," shehe alisema, akihema. "Lakini aliyemkaribisha ni wewe, mama. Mwambie atoke."

Nurcan alipiga magoti. "Sema, mama. Nakuomba. Hata mimi ni mwanao."

"Najua, kipenzi changu." Saniye akampapasa nywele, kisha akageukia nyuma ya mlango. "Kaa, Ferit."

Shehe akafunga msahafu. "Sina zaidi, binti yangu. Ila asilijue jina lako; ndilo atakalokushikia."

"Nikiondoka na mama leo hii?"

Mzee alivaa viatu vyake akatoka.

Nurcan akaegemea kizingiti, akalia kwa kwikwi.

"Mama," ikauliza sauti ya kaka yake, laini, karibu kabisa na sikio lake, "huyu anayelia, jina lake nani?"

Nurcan aliruka kumziba mama mdomo. Lakini Saniye alikwisha kutabasamu, kama mama yeyote anayeulizwa habari za mtoto wake, na alikuwa anamtaja.