Mgeni wa Gervas

Mnisamehe, hadithi hii naiharibu kila ninapoisimulia, maana mdomo wangu umezoea kuchekesha watu. Ilimkuta rafiki yangu Gervas, mkulima wa kabichi kule Mlali, aliyefiwa na mkewe. Binti yake wa pekee, Winfrida, alikuwa anapanda ndege Dar kwenda Toronto kusoma.

"Ni mbali kiasi gani?" Gervas akaniuliza kwa simu.

"Kilomita kama elfu kumi na mbili, mzee. Na kubadilisha ndege njiani, ni siku nzima na ushee."

"Sasa ugali nitakula na nani?"

Nikacheka. "Si ukaribishe tu! Atakayesikia atakuja."

Jioni ya pili tangu Winfrida apande ndege, ukungu ulishuka kutoka milimani na umeme ukakatika. Gervas akaweka ugali mezani, akakaa gizani akisubiri habari za mwanawe. Kwa upweke akasema, "Karibu tule."

Matone tu juu ya bati. Kisha simu ikaita.

"Shikamoo baba! Nimefika salama."

"Marahaba, mwanangu! Mungu ashukuriwe."

"Kumbe una mgeni?"

"Mgeni gani? Niko peke yangu."

"Sasa nani huyo anatafuna?"

Gervas alikuwa hajanawa hata mikono. Akamulika sahani kwa simu. Ugali ulikuwa umemegwa, upande wa pili wa meza.

Basi msihangaike kumtafuta mchawi Mlali nzima. Aliyemwambia akaribishe ni mimi.