Virusi Havina Cherehani

"Nipe kisu."

"Sikupi."

"Mama Kifungo, nipe kisu. Hao bata wakifa wenyewe tumekula hasara."

"Nimekwambia nimekikalia. Ukikitaka, ninyanyue mimi kwanza."

Fundi hakunyanyuka. Alikuwa kwenye kiti chake mbele ya cherehani, na kisu cha jikoni, kilichozungushiwa kitambaa, kilikuwa chini yake. Mguu uliendelea kukanyaga. Alikuwa anashona foronya, maana mteja hajui habari za bata.

Mumewe alisimama mlangoni na ndoo tupu mkononi. Mtaani walimwita Chuma, kwa sababu tangu wamjue hawajamsikia akikohoa. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi.

Ugomvi ulianza asubuhi. Bata wawili walikutwa wamekufa bandani. Wa tatu alikuwa anazunguka pale pale, shingo imepinda kama anatafuta kitu kilichomdondoka mgongoni. Waliobaki walijikunyata, hawali. Chuma alisema wachinjwe upesi, mchuzi ni mchuzi. Fundi alisema hachinjwi mgonjwa nyumbani kwake. Tangu chai walikuwa hapo hapo, na sasa jua lilikuwa juu.

"Mimi siambukizwi," Chuma alisema. "Mwaka jana si niliwachinja wale waliokuwa wanayumba? Nikala, nikalala, nikaamka. Na sayansi nayo imenithibitisha."

"Sayansi gani?"

"Ya mdogo wangu. Si alisema mwenyewe mezani hapa? Virusi haviwezi kuzaliana bila jeni za mtu. Maana yake wako wenye hizo jeni, ndio wanaougua. Na wako wasio nazo, ndio sisi."

Mguu wa Fundi ukasimama. Wifi yake alifanya kazi kwenye maabara ya utafiti wa virusi, na jioni alipenda kusimulia mambo ya kazini. Tatizo lilikuwa kaka mtu. Alichukua nusu ya habari, nusu ya pili akajishonea mwenyewe.

"Wifi," Fundi aliita bila kugeuka. "Njoo umchukue ndugu yako."

Wifi alitokea na mswaki mdomoni. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na alionekana mtu aliyetumaini mapumziko.

"Nimesikia yote," alisema. "Kaka, sikusema hivyo."

"Ulisema."

"Nilisema tunatafuta jeni ambazo virusi vinazihitaji. Sikusema wewe huna."

"Mmezipata?"

"Baadhi."

"Basi nipimeni, tumalize maneno."

Wifi akamtazama Fundi. Fundi akainua mabega. "Usinitazame mimi. Huyu ni wa kwenu."

Wifi alivuta kigoda, akakaa. Alizungusha macho chumbani: cherehani, mkasi, pasi, rili za uzi ukutani.

"Haya. Tuseme chumba hiki ni seli. Mwili wako umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Ndani ya kila chumba kuna vifaa vya kazi. Na kila kifaa kina maelekezo ya jinsi ya kukitengeneza. Maelekezo hayo ndiyo jeni. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja."

"Kirusi ni mteja wa ajabu. Anakuja na karatasi yake ya kukatia nguo, yaani maelekezo yake, karibu hana kingine. Hana cherehani, hana mkasi, hana sindano. Anaingia kwa fundi bila hodi, anakaa kwenye kiti chake, anaanza kushona nguo zake mwenyewe. Anashona mpaka uzi umekwisha na fundi hana pa kuweka mguu. Halafu hizo alizoshona zinatoka kwenda kuvamia vyumba vya jirani."

"Wateja wa namna hiyo ninao," Fundi alisema.

"Sasa sisi tunajiuliza, huyu anatumia vifaa gani hasa? Vifaa viko maelfu. Kwa hiyo tunachukua seli nyingi zilizokuzwa kwenye vyombo. Katika seli hii tunazima jeni moja. Ni kama kuondoa mkasi. Katika ile tunaondoa sindano. Kwenye nyingine, pasi. Halafu tunavifungulia virusi mlango. Vyumba vingi vinaharibiwa. Vichache vinabaki vizima. Tunakwenda kwenye hivyo vizima na kuuliza, hapa palikosekana nini? Ikiwa ni bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini ya cherehani, tumejua. Bila bobini hashoni."

Fundi alikuwa amegeuka sasa. "Na pale mlipoondoa pasi?"

"Anashona tu. Hajali mikunjo."

"Na kwa nini mhangaike na vifaa vyangu? Si mumpige yeye?"

"Tunampiga pia. Lakini yeye ni mtu wa kubadilika. Huyu katoka kwa bata, yule kwa popo, mwingine kwa nguruwe, na kila mmoja ana sura yake. Kumbe wengine wanaazima vifaa vile vile. Tukikijua kifaa, huenda siku moja dawa ikakifunika kwa muda, na wageni kadhaa wakakwama kwa pamoja. Ni kazi ngumu, maana kifaa hicho hicho unakihitaji wewe."

Chuma alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. "Ndiyo hiyo ninayoisema. Mimi sina bobini."

Wifi aliutoa mswaki mdomoni, akauangalia, kana kwamba huenda ungemsaidia.

"Kaka. Bobini ni ya fundi kabla haijawa ya mgeni. Vifaa vingi tunavyovipata, mwili wako unavitumia hata sasa ukiwa unabishana. Wapo watu wachache sana waliozaliwa na kifaa fulani tofauti, na kirusi fulani kikawashindwa. Lakini hilo hulijui kwa kujiangalia kwenye kioo. Na anayekwepa kirusi kimoja hajakwepa vyote."

"Sasa mwaka jana ilikuwaje?"

"Mwaka jana," Fundi alisema, "bata walikunywa maji uliyooshea brashi."

Chuma akaangalia ndani ya ndoo.

"Midomo yao ilikuwa ya bluu, Baba Kifungo. Bluu ile ile ya lango la shule ulilokuwa unalipaka. Ulidhani sikuiona. Walikuwa wanayumba kwa rangi, siyo kwa virusi. Na tumbo lilikusokota siku nzima, ukasingizia maharage."

Wifi alicheka hadi mswaki ukadondoka. Alipouokota, uso ulikuwa umebadilika.

"Kwa hiyo wala hujawahi kujaribiwa. Na sikilizeni, mimi sijui hawa wana nini. Inaweza kuwa homa ya ndege, inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Mpaka wapimwe. Lakini anayechinja ndege mgonjwa anajipaka damu na kinyesi mikononi, na anavuta vumbi la manyoya. Hapo ndipo mgeni anapopita. Dawa tunayoitafuta sisi iko mbali. Mlango mnaweza kuufunga leo."

Fundi alifungua kinywa amwambie mumewe, umesikia? Kabla hajasema, kitu kilikwaruza karibu na mguu wake.

Chini ya meza ya cherehani kulikuwa na boksi la vipande vya nguo. Kifungo, binti yao wa mwisho, aliingia ananyata na kibakuli cha maji. Alikuwa mdogo kiasi cha kupita chini ya meza bila kuinama sana.

"Mama, msiongee kwa sauti," alisema. "Ndiyo kwanza amelala."

"Nani amelala?"

Kifungo alifunua kipande cha kitambaa. Kifaranga wa bata alikuwa amejilaza humo, macho nusu, shingo imeanza kupinda.

Fundi alimjua kifaranga huyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeruhusu, siku chache nyuma, alale hapo karibu na joto la taa, ili Kifungo aache kulia. Asubuhi nzima amekalia kisu na kumhubiria mwenzake, na mgonjwa yuko miguuni pake.

"Huwa unamshika?" Wifi aliuliza taratibu.

"Namshika. Na namwekea maji. Na namwambia usiku mwema." Kifungo alionyesha jinsi anavyomwambia. Alibinua midomo, akabusu hewa.

Ndoo ilimponyoka Chuma. Alikuja mbio, mikono imetangulia.

"Usimguse bata," Fundi alisema. "Wala mtu asikimbie. Wifi, sema tufanye nini, na sema kwa mpangilio."

"Mtoto kwanza. Aoge kwa maji na sabuni, nguo hizo zifuliwe. Boksi lifunikwe, litolewe nje na mtu mwenye mifuko ya plastiki mikononi na kitambaa puani, kisha naye anawe. Banda lifungwe. Waliokufa wasitupwe jalalani, wala mtu asiwachune. Daktari wa mifugo apigiwe simu sasa hivi. Na zahanati nao waambiwe leo kwamba mtoto amekaa karibu na bata mgonjwa. Akipata homa au kikohozi, au yeyote kati yetu, hatusubiri. Tunakwenda siku hiyo hiyo."

"Hata Baba Chuma?" Kifungo aliuliza.

"Hata mimi," alisema Chuma.

Fundi alisimama. Alichukua kisu kilichokuwa chini yake, akakitoa kwenye kitambaa, akamkabidhi mumewe mpini.

"Haya, kisu hicho. Kakate kamba, ufunge banda."

Chuma alikipokea, akaelekea bandani. Fundi alivaa mifuko mikononi, akajifunga kitambaa puani, akafunika boksi na kulitoa nje mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyeliingiza. Aliliweka kivulini kando ya banda. Aliporudi kunawa, Wifi alikuwa ameshamaliza na zahanati, sasa anaongea na daktari wa mifugo. Sauti ya daktari ilisikika hadi uani: msiwaguse tena, msiuze, msihamishe hata mmoja, niko njiani.

Bafuni Kifungo alilia, povu likiwa masikioni.

"Mama, na bata wangu ana bobini?"

"Anayo," Fundi alisema, akimsugua vidole kimoja kimoja. "Ndiyo maana anaumwa."

Nje, kamba ilikazwa mara ya mwisho. Kisha maji yakamwagika kwenye beseni, muda mrefu.

"Umetumia sabuni?" Fundi alipaza sauti.

"Nimetumia."

"Rudia."

Akasikia maji yakimwagika tena.