Mama Dari na Mabega Yaliyokaza

Mke wangu ni fundi rangi. Kuta huwaachia wengine, yeye hupaka dari. Husimama juu ya jukwaa, mkono juu, uso juu, na chini yake huoni tone hata moja. Ndiyo maana mtaa mzima humwita Mama Dari. Mimi nashona viatu, na wengi hunijua kama mume wa Mama Dari. Sijawahi kulalamika.

Mwaka aliotimiza miaka sitini na sita alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya: dari la ukumbi wa shule. Kazi ingeanza shule ikifungwa. Mwalimu mkuu alisema hataki fundi mwingine. Mke wangu alirudi nyumbani akiimba.

Siku chache baadaye aliamka akashindwa kugeuka kitandani. Mabega yote mawili yalikuwa yamekaza. Nyonga na mapaja pia. Ilibidi anishike shingo ndipo akaweza kukaa. Tulidhani amelala vibaya, lakini kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Hakuweza kuchana nywele. Hakuweza kuingiza mkono kwenye shati. Ikawa mimi ndiye ninayemvalisha. Nilipomfunga kitambaa cha kichwa mara ya kwanza, alijitazama kwenye kioo akasema nimemfunga kama kifurushi cha viatu.

Ajabu ni kwamba mchana mwili ulilegea. Alitembea, akawasalimia wateja, akatabasamu. Taabu ya asubuhi ikawa siri yetu wawili. Kazi ndogondogo alizikataa kwa visingizio: leo ana mgeni, kesho rangi imechelewa. Usiku maumivu yalimwamsha kila alipojigeuza. Akawa mkali, yeye ambaye hata nikivunja sahani hucheka. Nilimwonea huruma sana, na niliogopa pia.

Hatimaye alikwenda kliniki. Alikwenda alasiri, nimemvalisha gauni zuri, hereni masikioni. Daktari alimwuliza kama anaweza kuoga na kuvaa mwenyewe. Akajibu kwamba anaweza. Akapewa vidonge vya maumivu na kuambiwa arudi asipopata nafuu. Daktari hakukosea, alitibu kile alichoambiwa. Vidonge havikusaidia sana, na mke wangu hakurudi. Alisema ni uzee, na uzee hauna dawa.

Nikamwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Akanijibu nikamtafutie viatu vyake.

Jirani yetu ni muuguzi. Asubuhi moja alikuja kurudisha sufuria aliyoazima. Mlango ulikuwa wazi. Alianza kusema shikamoo, ikaishia katikati. Alimkuta Mama Dari ameingiza mkono mmoja kwenye shati, wa pili umekwama, nami nahangaika nyuma yake. Tulicheka wote watatu. Kisha mke wangu akalia.

Muuguzi aliweka sufuria chini, akakaa karibu naye.

"Mama, hali hii imeanza lini?"

"Ni uzee tu, mwanangu."

"Uzee huja polepole, mama. Hii imekuja ghafla, tena mabega yote mawili na nyonga, na asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Daktari anajua asubuhi unakuwaje?"

Mke wangu alitazama sakafu. Nikajibu mimi kwamba daktari hajui.

Muuguzi alisema hawezi kuutaja ugonjwa kwa kuangalia tu. Hiyo ni kazi ya daktari na vipimo. Lakini daktari anahitaji kuona alichokiona yeye. Akashauri twende kesho mapema, naye atatusindikiza. Tena nisimvalishe. Aende na gauni la kulalia, ajitande shuka juu yake.

Mke wangu alikataa katakata. Mwanamke huyu hata akienda kununua rangi huvaa hereni. Apite barabarani na gauni la kulalia, watu wamwone?

"Mama," muuguzi akasema taratibu, "unataka kulinda gauni au kulinda dari?"

Aliutazama mkono wake uliokwama. Kisha akasema, "Dari."

Kesho yake tukaenda. Daktari alimwomba anyanyue mikono. Ikaishia usawa wa kifua. Akamwomba ainuke kwenye kiti bila kujishika. Hakuweza. Mke wangu akavuta pumzi, akasema bila kuulizwa, "Daktari, siku ile sikusema kweli. Mume wangu ndiye anayenivalisha." Najua maneno yale yalimgharimu, na nilimheshimu zaidi kwa kuyasema.

Daktari akamwuliza mengi. Je, kichwa kinamuuma, hasa pembeni kwenye panja? Ngozi ya kichwa inauma akichanwa nywele? Taya linauma akitafuna? Macho yanafifia? Yote hayo hayakuwapo. Akatolewa damu. Majibu yalionyesha kwamba mwili una mchochota, yaani kinga yake yenyewe inauvimbisha kutoka ndani, na vipimo vingine vikaondoa shaka ya magonjwa mengine yenye dalili kama hizo.

"Ugonjwa wako unaitwa polimialjia rumatika, yaani maumivu yanayokaza mabega na nyonga, hasa asubuhi," daktari alisema. "Huwapata watu waliopita miaka hamsini, wanawake zaidi kuliko wanaume. Si kosa lako wala si kazi yako iliyouleta. Tena unatibika."

Alimwandikia dawa ya kutuliza mchochota huo, iitwayo prednisoloni, kwa kiasi kidogo, anywe asubuhi baada ya kula. Akamwonya kwamba siku akiumwa kichwa kwa namna isiyo ya kawaida, au taya, au macho yakififia, asingoje kesho. Aende hospitali saa ileile. Kuna ugonjwa ndugu wa huu, unaovimbisha mishipa ya damu ya kichwani, na ukicheleweshwa unaweza kupofusha.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja nilikwenda na shati mkononi kama kawaida, nikamkuta amekwisha vaa. Kitambaa amekifunga mwenyewe, vizuri kuliko nilivyowahi kukifunga mimi. Nilisimama mlangoni na shati langu, machozi yakanitoka.

Basi akataka kuacha dawa. Alisema amepona, ya nini kujaza tumbo vidonge? Mbio nikamwita muuguzi.

"Mama, dawa imeutuliza ugonjwa, haijaumaliza," alimwambia. "Ukiacha ghafla maumivu yatarudi. Tena mwili huizoea dawa hii, ukinyimwa mara moja unaweza kuishiwa nguvu kabisa, na hiyo ni hatari. Daktari ndiye atakayeipunguza, kidogo kidogo. Inaweza kuchukua mwaka, hata miwili."

Alieleza pia kwamba dawa hii ina mambo yake. Inaweza kudhoofisha mifupa, kupandisha sukari na shinikizo la damu, na kuongeza hamu ya kula. Kwa hiyo apimwe mara kwa mara, anywe vidonge vya kuimarisha mifupa alivyoandikiwa, na atembee kila siku. Wala asimgawie mtu dawa yake, hata shoga yake. Hiyo hamu ya kula niliiona mwenyewe: mkate ulianza kwisha kabla sijafika mezani.

Ikabaki shule. Kuna fundi mwingine alikuwa ameshaomba ile kazi. Safari hii mke wangu hakutafuta kisingizio. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba anaumwa, anatibiwa, na daktari amemruhusu kufanya kazi. Ataanza jua likishapanda, atapumzika akichoka, na wanawake wawili aliowafundisha kazi watapanda naye jukwaani. Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho. Akasema kazi bado ni yake.

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko zamani. Zipo siku alirudi mapema, akalala bila kuona haya. Lakini dari likakamilika kabla shule haijafunguliwa.

Nilikwenda kulitazama. Lilikuwa jeupe pe, kona hadi kona, na sakafu haina tone. Mke wangu alinyoosha mkono juu kabisa kunionyesha mahali palipomsumbua. Mimi sikupaangalia. Niliangalia mkono. Watu husema kujivuna ni vibaya, lakini siku ile nilijivuna, tena mbele za watu.